Alama Zangu Hamsini na Tatu

Homa Bay,
Jumapili, mwezi wa sita, 1997

Mpendwa Baba Robi,

Salamu zangu zianze kwako, ziende kwa Robi, kisha ziingie nyumba ya Mama. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokutajia kiliisha chenyewe, na miguu huvimba siku za zamu ndefu tu. Nyinyi je? Sikio la Robi limekauka? Mama bado anashuka mtoni na goti lile, au amekubali kuchotewa maji? Ukiandika, nijibu hayo kwanza, kabla ya habari za mvua.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeuliza mambo mawili: kama gugumaji limefika huku, na nimekuwa nambari ngapi. La kwanza ni rahisi. Limefika. Kutoka dirisha la bweni ghuba inaonekana kama shamba la sukuma wiki. Wavuvi wanakata njia kwa panga, na kesho yake njia imefunga. Samaki wameadimika sokoni, kwa hiyo hapa shule ya uuguzi tunakula maharagwe siku nne kwa wiki.

La pili litachukua barua yote iliyobaki, kwa sababu lina jambo ambalo sikukuambia.

Mwezi wa nne nilianguka mtihani wa vitendo. Wa kuandika nilipita, alama hamsini na nane. Huu ulikuwa wa kumwosha mgonjwa kitandani. Utashangaa, mwanamke aliyeosha mtoto wake miaka mitatu aangushwe na kuosha. Lakini ndicho kilichoniangusha. Nilimwosha yule mama mgonjwa kama ninavyomwosha Robi akitoka kuchezea matope: haraka, kwa maji yale yale, na sabuni mpaka usoni. Nilimaliza kwa dakika kumi na mbili. Mwalimu wetu, ambaye sote tunamwita Madam, alitazama saa yake akaniuliza, "Akinyi, umeosha mgonjwa au umeosha sufuria?" Nikapata arobaini na nne. Kupita ni hamsini.

Sheria ya shule ni kwamba anayeanguka vitendo hurudia mara moja. Akianguka tena anarudisha sare na kupanda gari kwenda kwao. Wawili wameshaondoka hivyo tangu Januari. Sikukuandikia hilo kwa sababu najua unasoma barua zangu kwa sauti, na Mama husikiliza. Unakumbuka alivyosema siku naondoka, mbele ya watu waliokuja kunisindikiza: "Nenda. Kitanda chako hakiendi popote." Sikujua kama ananifariji au ananionya, na mpaka leo sijui. Ningerudi na begi, maneno yale yangebaki na maana moja. Nawe ulishawaambia wanaume wa sokoni kwamba mkeo hajawahi kuwa wa pili. Ni kweli. Kwetu Karungu, darasa la kwanza hadi la nane, sikuwa wa pili.

Basi nilikaa wiki sita nikiosha sanamu ya mazoezi, hatua kwa hatua, mpaka wenzangu wakaniuliza kama imenilipa.

Siku ya kurudia tulikuwa watano. Madam alileta vikaratasi vyenye nambari za vitanda ndani ya bakuli la chuma, kila mmoja akachomoa chake. Mimi nilichomoa tisa, wodi ya wanaume walioumia.

Kitanda cha tisa kilikuwa na mzee ambaye mkokoteni wa ng'ombe ulimwangukia ukamvunja paja. Mguu wake umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito, naye analala chali, wiki ya tatu sasa. Nikasoma faili: Mkuria, anatoka upande wenu wa Migori. Nikafurahi, na hapo ndipo nilipokosea. Tunafundishwa kwamba mgonjwa asalimiwe na kutulizwa kabla ya kuguswa, nami nikaona nina kitu ambacho wenzangu wanne hawana. Nikamsalimu kwa Kikuria, kile Kikuria changu ambacho nyumba nzima hukicheka.

Uso wake ulifunguka. "Mjaluo gani huyu anasema lugha yetu?"

"Nimeolewa kwenu, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikuria.

"Kwa nani?"

Hapo ningenyamaza. Mtu yeyote wa huko angenyamaza. Lakini nilitaka anipende, na Madam alikuwa amesimama kando akiandika. Jina la Baba, mzazi wako, sikulitaja; mwiko huo naujua. Nikamwambia ni ule mji ulio juu ya josho la ng'ombe, wenye mikaratusi miwili mlangoni.

Mzee akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi na mwenye mji ule tulitahiriwa asubuhi moja," alisema. "Wewe ni mke wa mwanangu. Ondoka hapa na beseni lako."

Huhitaji kuelezwa. Miaka yote niliyokaa kwenu sijawahi kumwona Baba bila shati, wala yeye hajawahi kuketi nilipo mimi. Na aliye rika la Baba ni Baba. Sasa nilikuwa nimesimama na taulo mbili, sabuni na maji ya moto mbele ya baba mkwe wa pili, niliyejitengenezea mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kitanda cha kumi kuna mvuvi wa Muhuru Bay mwenye mkono wa plasta. Huyo alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, kubali uoshwe. Mimi nangoja zamu yangu tangu asubuhi na sina hata mkwe."

"Basi aje kwako," mzee akamjibu.

"Njoo kwangu, nyathina," mvuvi akaniita, kama mtu anayemwita bintiye. "Mimi sina aibu hata kidogo."

Nilimtazama Madam. Hakuinua kichwa. "Mgonjwa wako ni wa kitanda cha tisa," alisema. "Ulipewa dakika arobaini. Zimebaki thelathini na nne."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuiondoa shuka kwa nguvu. Mzee hawezi kwenda popote, mguu umefungwa. Nimewahi kuona mwanafunzi akifanya hivyo. Mgonjwa aligeuza uso ukutani mpaka kazi ikaisha, na mwanafunzi alipata alama zake. Ya pili, kumwambia Madam nimeshindwa. Niliwaza begi langu lililo chini ya kitanda bwenini, na wewe umekuja kunipokea stendi, unalibeba bila kuuliza kitu.

Kisha nikasema, "Tata, mimi sitakuosha. Utajiosha mwenyewe, nami nitageuka."

Nikazungusha pazia, nikaweka beseni mkono wake unapofika, nikatoka nje na kukipa kitanda mgongo. Nikamtajia hatua moja moja. Uso bila sabuni. Kausha. Mkono wa mbali kwanza, kutoka kiganjani kwenda juu. Kausha. Nikamwambia asubiri hapo, maji yabadilishwe. Kila hatua aliitikia "Ee," kama mtu anayesikiliza kesi ya mpaka wa shamba.

Lakini mgongo hawezi kuufikia, na kwa mtu alalaye chali mgongo ndio wenye hatari. Nikamwita Ouma, mhudumu wa wodi, mwanamume wa makamo ambaye kazi yake ni kusukuma vitanda na kumwaga ndoo. Nikamwuliza Madam kama naruhusiwa. "Wewe ndiye sista wa kitanda hiki," alisema. Sikujua kama hiyo ni ndiyo. Ouma akaingia ndani ya pazia, mzee akashika chuma cha juu akajiinua.

"Ouma, angalia chini ya kiuno. Unaona nini?"

"Matako ya mzee."

Wodi nzima ilicheka, na mzee mwenyewe nilimsikia.

"Ngozi, Ouma. Rangi ni moja?"

"Kuna mahali peusi kuliko kwingine. Kama mfuniko wa soda hivi."

"Gusa kwa mgongo wa mkono. Kuna joto?"

"Kuna joto. Na mzee ameruka."

"Tata, panauma?"

"Tangu juzi," akajibu. "Sikutaka kumwambia mtoto wa kike."

Hicho ni kidonda kinachoanza. Kikiachwa, ngozi hupasuka, na kwa mtu wa umri ule aliyefungwa mguu, kukiponya ni kazi ya miezi. Nikamripotia Madam kwa sauti kama tunavyofundishwa: mahali, ukubwa, joto, maumivu. Alifunga kitabu chake akaenda kuangalia mwenyewe. Mzee alimkubali bila neno. Madam si mke wa mtu yeyote anayemjua. Alipotoka aliandika mstari mrefu. Nilikuwa nimetumia dakika arobaini na saba.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Madam alinipa karatasi yangu ofisini, nikiwa nimesimama. Wino mwekundu ulikuwa mwingi. "Mwanafunzi hakuosha kwa mikono yake" imeandikwa mara tano, na kila mara alama zimekatwa. Muda umepita, zimekatwa. Nilianza kujumlisha kabla sijafika chini. Chini kabisa palikuwa na hamsini na tatu.

"Nimekata kila nilichopaswa kukata," alisema. "Kwa hiyo usinishukuru. Na siku nyingine mgonjwa akikuuliza umeolewa wapi, mwambie bado unatafuta."

"Ndiyo, Madam."

Nilipofika mlangoni aliniita. "Akinyi. Zilizobaki ni zako."

Ukijumlisha na mtihani wa kuandika, nimekuwa wa kumi na saba kati ya thelathini na mmoja. Wa kwanza ana themanini na sita, na anastahili. Mikono yake ni mizuri na hana haraka. Mimi sikumwonea wivu, jambo ambalo wewe unayenijua utaona ni habari.

Baba Robi, nilipokuwa wa kwanza kule Karungu sikujua nimefanya nini. Niliandika yaliyokuwa kichwani, mwalimu akapiga vema, watu wakapiga makofi. Hizi hamsini na tatu najua kila moja ilikotoka. Naweza kuketi nawe jikoni nikakuonyesha kwa kidole: hizi za pazia, hizi za maji kubadilishwa, hizi nyingi za mahali peusi penye joto. Ninajivunia. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Nisamehe kwa wiki sita za kunyamaza. Katika wiki hizo nilikuandikia barua mbili, na zote zilikuwa za mvua na bei ya sabuni. Ulistahili zaidi.

Mzee anaendelea vizuri. Ngozi haikupasuka, anainuliwa kila baada ya saa mbili na amewekewa mto. Lakini hasemi nami moja kwa moja. Nikiwa mbele yake anamwita Ouma hata kama yuko mlangoni: "Ouma, mwambie mke wa mwanangu uji wa leo una madonge." Nami nasema, "Ouma, mwambie Tata nimesikia." Ouma anasema ataandika barua apandishwe cheo awe mkalimani. Jana mzee alimtuma maneno mengine: Baba, yule mwenzake wa rika, aambiwe kwamba hakupoteza ng'ombe wake wa mahari. Nakufikishia kama yalivyosemwa. Mwambie wewe, mimi sina mdomo wa kumtamkia Baba jambo kama hilo.

Mama mwambie yote, pamoja na ile arobaini na nne. Atauliza kumi na saba ni kutoka juu au kutoka chini. Ni kutoka juu, na nyuma yangu wako kumi na wanne. Akinyamaza, mwache anyamaze. Sokoni usimwambie mtu kwamba nimekuwa wa kwanza. Najua utajaribiwa.

Msalimie Baba kwa heshima, kwa umbali unaofaa. Msalimie dada yako anayemsuka Robi, umwambie asimvute sana upande wa lile sikio. Msalimie fundi baiskeli, jirani yetu, kwa kukuletea barua zangu kutoka posta. Akipatikana mtu anayekwenda Karungu, amfikie mama yangu pale anapoanika omena, amwambie binti yake bado yuko shuleni.

Kesho nahamia wodi ya akina mama waliojifungua. Zimebaki miaka miwili na miezi mitatu. Desemba nitakuja kwa wiki mbili, kisha nitaondoka tena, na hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Umesema kila gari likisimama barabarani Robi hutoka nje kuuliza kama ni mimi, nimerudi kukaa. Usimdanganye, wala usimwambie nitakuja kesho. Mketishe chini umwambie mama harudi kukaa sasa, kwa sababu mama amepita.

Mkeo,
Mama Robi