Usiungoje Mfupa Wangu, Baba

Ujerumani, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu umeamkaje leo? Mama naye hajambo? Mimi mwili mzima, ila roho umenichosha, na uniwie radhi kwa kukuambia hivyo.

Mdogo wangu Karisa amenieleza yote. Wiki ya tatu sasa tangu uanguke kutoka juu ya paa hapo Kiembeni ukipigilia bati, na muundi umesagika hata ukaacha pengo. Daktari wa mifupa anataka kukutia chuma, na pengo alizibe kwa mfupa wako mwenyewe atakaouchota nyongani. Nawe ukamjibu mbele ya wauguzi, "Ahsante daktari, lakini binti yangu anatengeneza mifupa Ulaya. Nitangoja wake." Ukarudi nyumbani na plasta yako. Baba! Hata Mama Sidi wa dukani ameshaniagiza goti la mumewe.

Hebu sikia kazi yangu ilivyo. Nachovya sponji kwenye uji wa kauri, naichoma tanurini mpaka sponji iteketee, kinabaki kiunzi kigumu chenye vitundu tele, kama tumbawe. Kisha nakipaka utando mwembamba ili chembe hai za mfupa zishike na kuota humo ndani. Tamu kuisikia, sivyo? Juzi nimefungua tanuri: vipande kumi na viwili, kumi na kimoja vimepasuka. Hicho kilichopona, utando ukabambuka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Miezi minne! Mwalimu wangu akavua miwani, akasema, "Tuanze upya." Nilitoka nje nikalia kwenye baridi. Viunzi vya watu wengine vimeshajaribiwa na vinatumika. Daktari akiona kimoja kinakufaa, atakwambia. Changu hakijaingia hata mguu wa sungura, sembuse wako.

Leo nimekupigia, ukaweka simu kwa spika, wageni wakanishangilia. Nikapandisha sauti, na hilo ni kosa langu. Ndipo ukazima spika, ukaninong'oneza, "Nikikubali chuma, watu watauliza miaka mitano umekwenda kufanya nini huko."

Kumbe ni hilo! Ukaniambia basi niandike kwa mkono wangu, usome mwenyewe, ndipo utasadiki. Haya, Karisa atakuchapishia picha ya barua hii. Soma: heshima yangu haikai mguuni mwako. Watu wakiuliza, waambie binti yako anapasua vyungu. Alhamisi daktari ana nafasi. Nenda, tia sahihi, ulazwe. Nikija likizo nataka unifungulie mlango mwenyewe, hata kwa kuchechemea.

Nisalimie Mama, anayekubeba kutwa bila kunung'unika. Nisalimie Hawe, bibi yetu, aliyekukataza kupanda paa ukamcheka. Na Karisa usimgombeze, mimi ndiye niliyembana aseme.

Ni mimi binti yako, mkaidi kwa kukurithi wewe,

Kadzo