Mama Njeri, Itoka Zimeng'olewa

Mama Njeri,

Nilitaka kuanza na salamu, lakini nina hasira, na wewe unajua nikiwa na hasira salamu hunipotea. Umelala huko Kiganjo tangu mvua za masika na mimi sijarudi kukuona hata mara moja. Watu wameanza kuniuliza. Nawajibu kwamba magoti yananisumbua. Magoti yangu hayana neno, ni wewe unayenisumbua.

Acha nianze na mboga, kwa sababu ndizo ungeniuliza kwanza. Sukuma zimeshika vizuri. Managu yamejiotea yenyewe pale ulipokuwa ukikung'uta mbegu, na dania imenishinda kama kawaida, inatoa maua kabla sijaichuma. Kitunguu cha majani nakata na kinarudi. Nduma zako hazipo. Zilichukuliwa na ile mashine ya kuchimba, majani na viazi na udongo, zikamwagwa nyuma ya lori kama takataka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nikiwa na mwiko mkononi, nikaita jina lako. Niliita kabla sijakumbuka kwamba hupo.

Ndiyo, shamba lako lina mwenyewe mwingine sasa. Najua unajua. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyokuja Gatitu? Bibi harusi wa Majengo, mtaa wa Waswahili mjini, ambaye kwetu mboga ilitoka sokoni na bustani ilikuwa mkebe wa mnanaa dirishani. Baba Zuhura alinileta hapa akaenda zake kazini, na baridi ya Nyeri ikanikuta nimesimama kwenye uwanja mtupu sijui jembe linashikwa wapi. Ulichungulia juu ya mpaka ukaniangalia muda mrefu. Kisha ukasema, "Wewe unachimba ama unapiga nyoka?" Kuanzia siku hiyo sikununua mboga tena, na sikukosa mtu wa kucheka naye.

Ni wewe uliyenifundisha habari ya itoka. Mimi niliziona ni maua tu, yale majani marefu yaliyopangwa mstari kati yako na sisi, yanayotoa maua meupe yenye michirizi ya waridi mvua zikianza. Nilitaka kuchuma nikaweke mezani. Ulinishika mkono. "Hii si maua, Mama Zuhura. Hii ni shahidi. Watu wawili wakikubaliana mpaka, wanapanda itoka pamoja, na hakuna mtu anaiguza. Mwenye kuing'oa peke yake, hiyo laana inafuata hadi wajukuu." Nikauliza, na serikali je, si ina vyuma vyake ardhini? Ulipuliza tu midomo. "Serikali inabadilika kila saa. Itoka haibadiliki."

Na wakati wa siasa, watu walipoanza yale maswali yao, nyinyi wa Majengo asili yenu ni wapi, mko upande gani, ulikuwa ukinishika bega mbele ya wote na kusema, "Huyu ni wetu." Ukimaliza, hakuna aliyeendelea. Sikuwahi kukwambia nilivyokuwa nikilitegemea neno hilo.

Sasa nikufikishe kwa huyu jirani. Kumbuka uchaguzi uliopita, yule kijana mwenye suti ya kijivu aliyetaka kuwa mjumbe wa wadi yetu. Alikuja akaketi kwenye benchi lako, akala mukimo wa viazi vilivyopondwa na managu ya pande zote mbili, akaongeza sahani. Kisha akanyoosha kidole kwenye mpaka wetu akasema mbele ya akina mama wote, "Mimi ni kama hiyo itoka. Mkinipanda, sihami." Tulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Siku ya kura tulikuwa kwenye foleni kabla jua halijatoka, tumejifunga leso moja mabegani kwa ajili ya baridi. Wewe ulisema safari hii tumepata mtu wetu.

Hatukumwona tena. Bei zikapanda, mbolea ikapotea, na watoto wetu wakaingia barabarani na bendera. Njeri wako akawa miongoni mwao. Nakumbuka zile siku walizomchukua kwa gari, hajulikani alipo. Ulimpigia yule mtu wetu simu mpaka kidole kikachoka, na hakushika. Njeri aliporudi alikuwa mzima, tukamshukuru Mungu, lakini mlango ukigongwa alikuwa anaruka. Ukazima redio yako na hukuiwasha tena. Ulianza kuangalia kila gari linalopunguza mwendo pale barabarani. Nilikwambia mambo yatatulia. Ukasema, "Kwa nani?"

Kisha ukaniambia Njeri amepata watu wa kanisa wa kumpeleka ng'ambo kusoma. Nilifurahi kama wangu. Nilimkaangia mahamri ya safari, nikayafunga kwa gazeti, nikalia kwenye geti lako kuliko hata wewe. Watu wa kanisa! Nami nikasema amina, mimi Mwislamu mzima.

Haukupita muda, asubuhi moja ya ukungu ukaja na jembe. "Mama Zuhura, hii itoka imesongamana, inanyimana chakula. Kuja tuipanue." Tukazichimbua zote, yale mashina manono kama vitunguu vikubwa, tukayatenganisha na kuyapanda upya. Wewe ulitangulia na kamba, mimi nikafuata na maji. Nilipoinua kichwa nikaona kama mstari umeingia ndani kwako. Nikakwambia. Ukacheka kile kicheko chako cha kukohoa, "Ati imeingia? Wewe unapima na macho ya Majengo." Ukaniongezea, "Panda sukuma hapo, kuna jua mzuri." Nikapanda. Mwaka ule zilikuwa sukuma bora kuliko zote nilizowahi kulima.

Ukaanza kukonda. Nilikuletea uji, nikakuosha miguu, nikakaa kwenye kitanda chako na kukusimulia umbea wote wa Gatitu. Kuna siku nilikuuliza waziwazi, shamba hili litakuwaje Njeri akiwa mbali? Uliniangalia usoni ukasema, "Shamba haiendi mahali." Hilo ndilo linaloniuma. Hukunyamaza, hukugeukia ukutani. Uliniangalia machoni.

Ulipofariki, nilijua tutakuzika hapa, chini ya parachichi, kwenye ardhi uliyoinunua mwenyewe kwa kuuza vitunguu. Wakasema ni Kiganjo, kwa kaka yako. Nilishangaa, mwanamke mwenye shamba lake azikwe kwa kaka! Lakini nikasema pengine aliwakumbuka wazazi wake. Nilisimama pale kaburini nikakuombea kwa lugha yangu, watu wenu wakanipisha. Sikujua kwamba huna pa kuzikwa Gatitu.

Nilikuja kujua mashine ilipoingia. Aliteremka yeye mwenyewe, mjumbe wetu, suti imepanuka kidogo, pamoja na mpima ardhi. Akanisalimia vizuri tu. Atajenga fleti, ghorofa tano, zimekaribiana na mpaka kadiri sheria inavyoruhusu. Nikamwuliza ni nani aliyemuuzia, maana Njeri yuko mbali. "Mama mwenyewe, kabla hajaugua. Hakukwambia? Nilidhani nyinyi ni chanda na pete."

Na haikuishia hapo. Mpima ardhi akafuata ramani yake, akaingia kwenye sukuma zangu, akachimba kidogo na kutoa kile chuma cha serikali. Kilikuwa upande wangu wa itoka, hatua kadhaa ndani. Mjumbe akaangalia chuma, akaangalia itoka, akaniangalia mimi. Vibarua wote wakaacha kuchimba.

"Mama Zuhura, kumbe wewe umekuwa ukikula shamba ya marehemu?"

Nikasema tulizihamisha pamoja, wewe na mimi. Akacheka. "Marehemu haongei, mama. Na hizi itoka ni mambo ya zamani, si taito ya shamba." Kisha akawageukia watu, kwa sauti ile ile ya kwenye benchi lako: "Ndio shida ya hawa watu wa kuja. Unawapatia nafasi ya kukaa, wanataka na ya kulima."

Mama wa kioski alikuwepo, akashughulika na leso yake. Mzee wa kanisa lenu alikuwepo pia. Nilikungoja, Mama Njeri. Nilikungoja useme lile neno lako. Nimekaa Gatitu miaka mingi kuliko huyo kijana alivyoishi duniani, na siku hiyo niliondoka kwenye sukuma zangu nikitembea kama mwizi.

Niliingia ndani nikakulaani. Nasema ukweli, nilikulaani. Nilisema wanasiasa wanatuuza kwa sababu hawatujui, lakini Mama Njeri alinijua. Aliyajua mahamri yangu, magoti yangu, mpaka dua zangu. Akamuuzia yule yule aliyetutema, akanifanya nipande kwenye ardhi ya watu ili nije kuitwa mwizi. Nilichukua kile kikombe chako cha bati ulichokuwa ukinywea hapa kwangu nikakitupa shimoni kwenye mbolea.

Njeri alipata habari, sijui kwa nani. Akanitumia ujumbe wa sauti, analia, nami nausikiliza huku nimeshika kiuno tayari kwa ugomvi. "Auntie, usimkasirikie mathe. Hakukuwa na watu wa kanisa. Aliuza ndio niende, sababu yule mjumbe alikuwa anamsumbua na hiyo ploti kitambo, na hakuna mwingine alikuwa analipa haraka. Aliogopa ukijua utauza yako badala yake. Na hiyo itoka, Auntie, aliisongesha makusudi. Alisema ghorofa ikija, angalau mboga zako zipate jua. Alisema hakuna mtu anaeza bishana na itoka."

Nilikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni. Kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Uliuza shamba, kisha ukarudi na kamba na kulimega kabla mwenyewe hajaingia! Ulimnyang'anya mjumbe kipande cha jua, na mimi nikakusaidia kumwagilia maji. Halafu nikalia mpaka jirani wa upande wa juu akaja kuuliza.

Lakini usifikiri yameisha. Ungeniambia. Ningekasirika wiki nzima, ningekuita majina, kisha ningekuja kukubebea mizigo ya Njeri kama nilivyoibeba. Na kama ni kuuza yangu, ndiyo, pengine ningeuza, na huo ungekuwa uamuzi wangu. Uliniamulia, Mama Njeri. Hao tunaowalaani redioni si ndivyo wanavyofanya, kutuamulia mambo yetu na kutuambia ni kwa faida yetu? Umenipenda na umenidanganya kwa mkono mmoja, na mimi sijui nianze kujibu lipi.

Itoka mjumbe aling'oa siku ya pili baada ya mashine kuingia. Wazee wawili wa hapa walikataa kushika jembe, wakamwambia wazi kwamba hilo hawalifanyi hata kwa malipo mara mbili. Akaleta vibarua kutoka Sagana wasioijua laana yetu. Waliziacha kwenye lundo, mizizi juu. Mahali pake ameweka uzio wa mabati, na kwa kuwa kampeni zimeanza tena, mabati yote yamebandikwa sura yake. Nikipika, ananitabasamia kupitia dirisha. Magari ya vipaza sauti yanapita, vijana wanagawiwa fulana, na yale maswali ya nani ni wa wapi yamerudi sokoni mapema kuliko mwaka ule. Naogopa. Zamani nilikuwa naogopa nikiwa na wewe, kwa hiyo sikujua kama ni woga.

Nguzo zimefika ghorofa ya pili. Mlima niliokuwa nauona wote sasa nauona kipande, asubuhi tu kukiwa hakuna ukungu. Jua linafika kwenye sukuma likiwa limechelewa. Bado linafika, nitahamisha masanduku ya miche karibu na tangi, na managu hayahitaji mengi. Sihami. Alikuja mtu wake kuniuliza kama nauza na nikamwambia akamwambie mkubwa wake kwamba mimi nimepandwa.

Zile itoka nilikwenda kuziokota mchana kweupe, mbele ya vibarua wake, nikazitia guniani moja moja. Mama wa kioski alitoka dukani akaja kushika mdomo wa gunia. Alilishika mpaka likajaa. Ziko hapa chini ya meza ninapoandikia, nimezifunika na majani mabichi zisikauke. Na kikombe chako nimekitoa kwenye mbolea, nimekiosha kwa majivu.

Kaka yako nimempigia simu na amekubali. Jumapili nitakuja Kiganjo na gunia na jembe, nitazipanda kuzunguka kaburi lako, ziwe mpaka, wewe upande wako na mimi upande wangu. Wewe ulinifundisha kwamba itoka hupandwa na wawili waliokubaliana. Sisi hatujakubaliana, lakini nitazipanda hivyo hivyo, na kila mvua zikianza nitakuja kuzipalilia na kukugombeza mpaka tukubaliane.

Safari hii kamba nitashika mimi. Kaa hapo hapo, usisogeze kitu.

Jirani yako,
Mama Zuhura