Ukurasa wa Pili wa Barua ya Kiwanda

Shikamoo Baba,

Nnajua hukunilea kuwaandikia watu waliokwisha tangulia, na mwalimu wangu wa Kurani chuoni angeniona angenigombeza. Lakini miaka miwili nnakuombea dua, na kila nikimaliza neno moja linabaki kooni. Bora nilitoe.

Barua ile ya Marekani sikukusomea yote.

Nimeandika mstari huo nikaiweka kalamu chini, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Sasa nimerudi.

Unakumbuka tulivyofika Matrah, huku Omani, tumetoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, mimi na wewe na mdogo wangu Saidi, chumba kimoja na mkeka mmoja. Ulidhani hutapata kazi ya ufundi, maana gari zenyewe hapa zilikuwa za kuhesabika. Halafu ukaiona gari ya Bwana Jaafar mbele ya duka lake, ukasimama njiani ukacheka peke yako. Ilikuwa ya kiwanda kilekile kidogo cha Marekani ulichokitumikia kwa wakala wao Unguja. Ulikuja kunambia kama mtu aliyekutana na jamaa yake.

Ulinieleza siku ile habari ya kiwanda hicho, mimi nnachagua mchele nnakusikiliza nusu nusu. Ulisema kila mwaka walileta mtindo mpya, taa mpya, viti vipya, na wewe ukifungua boneti unaikuta injini ya zamani, ileile, imewekewa kichwa kipya tu juu. "Bati wanalikunja wanavyotaka, Zuhura," ulinambia. "Injini ndiyo inayokula pesa. Viwanda vikubwa vinazo, hawa hawana." Na kile kichwa kipya kilikuwa na ila: maji hayafiki vizuri nyuma, jua likiwa kali chuma kinapasuka. Unguja ilitokea mara moja moja. Kwa joto la huku, ulisema, gari ya Bwana Jaafar haitomaliza kiangazi.

Ndipo ukatengeneza lile bomba la shaba. Sijui ulilikunja mara ngapi. Ulilitoa kwenye pampu ya maji ukalipeleka mpaka nyuma ya injini, likivuja unalitoa, unaanza tena. Miezi minne mgongo wako ulikuwa chini ya gari ile. Lilipokubali, gari ikaenda Sib na kurudi mchana wa jua kali, na hukulala kwa furaha. Ukanambia: "Tuwaandikie. Pengine hawajui. Wakijua watatengeneza."

Nikaandika. Nilikuwa na Kiingereza cha skuli na mwandiko mzuri, na picha uliyoichora wewe tukaitia ndani ya bahasha. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, Baba, kabla hata majibu hayajaja. Watu wa sokoni walikusikia. Wakawa wakikupita wanauliza, "Mbaruk, Wamarekani washajibu?" na wanacheka. Wanawake walionijia na maneno ya posa waliniuliza kama kweli baba yangu anaandikiana na Wamarekani, na mmoja akaficha mdomo kwa mtandio. Wewe ulikuwa ukicheka nao. Mimi nilikuwa nikiungua. Nilikuonea haya, Baba. Nilionea haya mikono yako, nilionea haya matumaini yako. Na kampuni ya mafuta ilikuwa inataka mafundi wa pampu kambini, na wewe ukasema utasubiri kwanza barua.

Ikaja. Karibu mwaka mzima umepita. Kurasa mbili, imepigwa taipu. Niliisoma yote kwa macho nimesimama mlangoni, wewe umekaa, umenawa mikono kabisa kama unayetaka kula. Kisha nikakusomea ule ukurasa wa kwanza, wanaposhukuru na kusema wanasikitika, kiwanda hakiwezi kuibadilisha injini.

"Wamekataa, Baba," nikasema.

Ukauliza, "Na bomba? Hawakusema kitu juu ya bomba?"

Nikasema, "Hawakusema kitu."

Ukasema, "Lingekuwa zuri wangesema. Basi watakuwa wanajua lina madhara ndani yake. Wao ndio wenyewe." Asubuhi yake ukaenda ukalitoa bomba kwenye gari ya Bwana Jaafar kwa mkono wako. Nilikuona ukitoka na spana. Ningeweza kukuita. Mlango ulikuwa wazi na mimi nimesimama hapo.

Ulipokwenda dukani kwake nilijiambia nimekuokoa na kicheko cha watu, sasa utaacha habari ya Wamarekani ushike kazi ya kambini. Wiki tatu zilipita. Siku ya nne ya wiki iliyofuata injini ikapasuka kwenye mchanga wa Ghubra, Bwana Jaafar na mamake mzee ndani, hakuna kivuli isipokuwa cha gari yenyewe. Walikaa pale mpaka alasiri. Alipokuja kwetu majirani wote walitoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Mbaruk, umetaka kuniulia mama yangu!"

"Kosa ni langu, bwana. Bomba nimelitoa mimi."

"Kwa nini ulitoe na lilikuwa linafanya kazi?"

Ukamjibu, na sauti yako ilikuwa ndogo, "Wenye kiwanda wamelikataa."

Pazia lilikuwa baina yetu, Baba. Barua ilikuwa ndani ya sanduku langu, hatua tatu. Sikutoka.

Hakuna aliyekupa tena gari. Ukaenda kambini kwenye pampu, ukawa unakuja siku moja moja, kifua kinakohoa. Hukunilaumu kwa lolote. Siku ya mwisho ulimwambia Saidi asome, asishike spana, maana wewe ulijidhania fundi na hukuwa. Nami nilikuwa nimekushika mkono wakati unasema.

Sasa nikwambie ya huku. Nchi imepata mtawala mpya, na Maskati hungeijua. Watu wanarudi kutoka kila upande, gari zimejaa mpaka watoto hawazikimbilii tena. Imefunguliwa skuli ya wasichana na mimi nasomesha. Saidi yuko bandarini, karani. Injini hataki hata kuisikia. Akiulizwa babake alikuwa akifanya kazi gani, husema alikuwa kambini, basi.

Mwezi uliopita Bwana Jaafar alikuja kutujulia hali. Kanunua gari mpya, ile ya zamani anaitupa. Akakaa, akanywa kahawa, akasema kwa wema kabisa, "Mzee wenu alikuwa mtu safi, Mungu amrehemu. Gari ile tu ndiyo iliyomshinda." Saidi akainamisha kichwa, akaona haya kwa ajili yako. Nikamtazama nikajiona mimi.

Nikaenda kwenye sanduku. Nikawasomea ukurasa wa pili, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

Na wewe nakusomea sasa. Aliyeandika ni mhandisi wa injini. Anasema picha yako ameionyesha wenzake mezani. Anasema ile ila ya kichwa unayoisema wanaijua tangu mwaka wa kwanza, na wao pia walijaribu kupeleka maji nyuma, njia iliyo karibu na yako, ikafaa. Lakini kichwa kipya kinataka kalibu mpya ya kumiminia chuma na mashine mpya, na gharama yake ingemeza fedha zote za kiwanda, basi wakubwa wakaamua wabadilishe taa. Anasema sasa injini zao hawatengenezi tena, wananunua kwa wengine, na yeye mwenyewe anatafuta kazi. Mwisho anaandika: bomba lako ni sahihi, mwambie mwenye gari asilitoe kamwe.

Bwana Jaafar aliweka kikombe chini. "Na mimi nilimtukana mlangoni pake," akasema, akalia. Kesho yake alisimama sokoni akawaeleza watu, na wale waliokucheka wakasikia. Kila mmoja.

Saidi hakulia. Aliniuliza, "Ulikuwa unajua, siku ile ananiusia?" Nikamwambia nilikuwa najua. Hakusema nami siku nne. Siku ya tano alikuja akaomba barua, akakaa nayo, akanambia, "Nisomeshe hicho Kiingereza cha mashine. Lakini usidhani nimekusamehe." Tunasoma kila baada ya magharibi. Hanitazami usoni bado.

Sitakwambia nilikuwa mtoto, Baba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na akili zangu. Nakuahidi sitomharakisha Saidi, na sitomtuma mtu kuja kunisemea kwake. Kila atakayeniuliza wewe ulikuwa nani nitamwambia kazi yako, na nitamwambia na yangu niliyokufanyia.

Pumzika, fundi. Mungu akupe nafasi na hewa baridi huko uliko.

Mwanao,
Zuhura