Sala ya Baba Kinywani Mwangu

Jumanne, 3 Desemba 2024

Nimefika Sindeni. Mtihani wa kidato cha nne umeisha Ijumaa, leo nimeshatumwa. Shangazi amevunjika mkono na magugu yanayameza mahindi yake. Kwetu Kerenge aliitwa Hilaria. Hapa ni Zamda, tangu alipoolewa na Baba Shamsia na kusilimu. Baba yangu ni mwinjilisti, hamtaji dada yake mbele za watu — lakini damu ni damu. Stendi alinipa Biblia, akasema: nenda, usiniaibishe.

Nisimwaibishe yeye. Hakusema Kristo. Nimewaza njia nzima.

Jumatano, 4 Desemba

Aibu!

Tumekaa mkekani kula. Baba Shamsia kasema bismillahi, kisha akanigeukia. “Mama, na nyie huwa mnaombea chakula. Omba basi, ugali usipoe.” Nikafumba macho. Maneno yakatoka yenyewe, yale ya baba ya kila jioni: Ee Baba wa rehema, sisi wakosaji tusiostahili, umbariki mke wangu uliyenipa, na watoto wangu —

“Asnath ana mke!” Shamsia huyo, binti yao, kaangua kicheko. Shangazi naye kacheka mpaka akaushika mkono wake mbovu. Baba Shamsia kauliza kwa upole kabisa: “Na watoto hawajambo?”

Nimecheka nao. Lakini ina maana miaka yote naisema bila kuisikia.

Alhamisi, 5 Desemba

“Shikamoo, Mzee.” Ndiyo salamu ya Shamsia sasa. Ana miaka kumi na mitatu, hana huruma.

Shambani nilijitenga nikajaribu kuomba. Nikaondoa maneno ya baba, moja moja. Yalipokwisha hakikubaki kitu. Jembe, na jua.

Jumapili, 8 Desemba

Hakuna aliyegonga mlango. Nyumbani mama hugonga kabla jogoo hajamaliza. Kanisa lipo, ng’ambo ya mto, Shamsia alinionyesha bati lake. Nikalala tu. Nikaamka, nikaosha vyombo, nikangoja — sijui nini. Shangazi akauliza, hukwenda? Nikasema nimechoka. “Haya.” Basi. Haya!

Nimelia nyuma ya jiko. Si kwa kuogopa dhambi. Ni kwamba hakuna anayenituma, na mimi sikwenda. Je, kama siku zote aliyekuwa anaamini ni baba peke yake?

Nani wa kumwambia hili? Rafiki zangu wote wametawanyika. Shangazi ni Mwislamu. Mungu mwenyewe sijui nimwanzeje.

Jumanne, 10 Desemba

Tulikuwa tunachambua mchunga, mboga ya porini. Nikajikaza, nikamuuliza shangazi ilikuwaje kubadili dini. Akanitazama.

“Unauliza wewe, au kaka yangu?”

“Mimi.”

Akasema watu wanadhani alimfuata mwanamume. Mwaka wa kwanza ni kweli — mumewe Sadala akiinama na yeye anainama, Sadala akiinuka na yeye anainuka. Kisha Sadala akasafiri. Adhana ikalia, nyumbani hakuna mtu wa kumwona. “Nikajikuta natia maji kwenye kopo nitawadhe. Mwenyewe, mwanangu. Hapo ndipo niliposilimu.”

Nikangoja anivute kwake. Hakunivuta. “Ya kwako mimi siijui,” akasema. “Toa hayo majani ya njano.”

Jumamosi, 14 Desemba

Baba amepiga, simu ya shangazi. Krismasi nitaongoza sala mbele ya usharika mzima! Mimi, ambaye kujibu “nipo” darasani kulinitoa jasho. Akasema nisihangaike, nitumie ile yake. Shangazi akaidaka simu, akamsimulia habari ya mke. Baba hakucheka. Nimemsikia: “Basi hapo aruke.”

Nikasema ndiyo, baba.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeamka mwenyewe. Mvua. Nikavaa, viatu mkononi. Shamsia kafungua jicho moja: “Mzee, unamfuata mkeo?” Nikasema sijui namfuata nani. Akajifunika shuka tena.

Kanisa lina watu wachache na kuku mmoja. Wageni wakaambiwa wasimame. Mgeni ni mimi tu. Kwetu hata sifungui mdomo, watu husema “huyu wa mwinjilisti” imetosha. Hapa hakuna aliyejua. Mzee wa kanisa akauliza nimetumwa na usharika gani, nina barua? Sina. Nani kanileta?

“Nimekuja tu.”

Akatabasamu. “Basi aliyekuja tu atuombee tutawanyike.”

Nikashika benchi la mbele. Nikafumba macho. Ee Baba wa rehema ikawa tayari ulimini. Nikaimeza. Mtu akakohoa, kuku akapita. Nikasema: Mungu, ni mimi Asnath. Sijui kuomba. Nimekuja.

Nikakaa. Bibi mmoja nyuma akaitika amina kama vile nimemaliza vizuri.

Wengi wamekwenda na mvua yao. Naandika kwenye benchi nikingoja ipungue. Shamsia yule, anakuja na mwavuli, simu ya shangazi kaificha kwapani isilowe. Anapiga kelele tangu mlangoni: “Mzee! Baba yako yuko hewani! Anasema uiombe ile sala yake sasa hivi, asikie kama umeishika!”

Nimeishika. Yote, neno kwa neno.

Ananipa simu. Baba anasema, haya, anza —