Tikiti ya Ndambuki

Laini za kahawa, Ruiru
8 Februari 1959

Kwa Mbaluka, mtoto wa mama yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Ruiru. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, na yule mbuzi uliyetuletea Krismasi bado anatafuna nguo za majirani. Wewe huko Thika u mzima? Unakula, ama ni chai na maneno ya chama chenu cha wafanyakazi tu? Usishangae kuona Kiswahili. Anayeniandikia ni Wamboi, msichana wa chumba cha pili, na Kikamba hajui. Na wewe ujibu kwa Kiswahili ili anisomee.

Asiye mzima ni shemeji yako. Kifua cha Ndambuki kimezidi tangu wanyunyize ile dawa ya buluu kwenye kahawa. Asubuhi nyingine anaamka vizuri, anachukua jembe na kwenda. Asubuhi nyingine anakaa kitandani ameshika magoti, anatafuta pumzi, na siku hiyo haendi popote. Mpaka sasa tumevumilia kwa sababu ya tikiti. Unaijua, hata wewe ulianza nayo: siku thelathini za kazi, lakini umepewa wiki sita za kuzimaliza. Siku mbaya analala, siku nzuri anafanya, tikiti inajaa, na chumba hiki cha shamba kinabaki chetu. Nyapara Ndung'u hamuulizi kitu.

Sasa nasikia chama chenu kinataka tikiti iondolewe. Wamboi amefurahi mpaka anaimba. Mimi sikupata usingizi. Mbaluka, nilikubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kuliko mimi, na sijawahi kukudai. Leo naomba. Iacheni tikiti, ama wagonjwa waachiwe yao.

Dada yako,
Mwongeli


Kamenu, Thika
22 Februari 1959

Kwa dada yangu Mwongeli,

Barua imefika na nimeisoma mara mbili. Nakula, usijali. Mama mwenye nyumba ananipikia githeri kila siku na kila siku anasema nimekonda. Watoto wasalimie, na shemeji umpe pole yangu. Mwambie Wamboi mwandiko wake unamshinda karani wetu.

Dada, nisikilize. Hiyo tikiti ndiyo inayowamaliza watu. Ndung'u akiona mstari wako wa kahawa haujaisha, haandiki siku, na mtu ametoa jasho bure. Mvua ikinyesha, hakuna siku. Mama akijifungua, hakuna siku. Mtu anangoja wiki sita apate mshahara wa mwezi mmoja, halafu meneja anasema Waafrika ni wavivu, hawapendi kazi ya kila siku. Sisi tunataka mshahara kila mwisho wa mwezi, likizo kila mwaka, na nyumba zisizovuja. Mimi nilifukuzwa hapo Ruiru kwa kusema maneno haya, unakumbuka, godoro langu likatupwa njiani wewe ukaliokota.

Habari ya shemeji inaniuma. Lakini tukiomba wengine waachiwe tikiti, meneja atawaachia wote, aseme, si mnaona wenyewe wanaipenda. Siwezi kupigania watu wa mashamba yote haya halafu niache tundu la kumpitisha shemeji yangu. D.O. wa serikali ametupa ruhusa ya mkutano Jumapili tarehe nane Machi, uwanja wa Gitothua. Mwambie shemeji aje. Kila mtu atasema lake.

Ndugu yako,
Mbaluka


Ruiru
15 Machi 1959

Kwa Mbaluka,

Nakusalimu. Huku tuko, na kifua kiko vile vile.

Nilikuwa kwenye mkutano wako, nyuma kabisa na akina mama. Ulisema vizuri. Hata mimi nilipiga makofi uliposema juu ya mama kujifungua, maana uchungu wa yule wangu wa pili ulinishika mstari wa kahawa ukiwa nusu, na siku haikuandikwa. Kisha ukauliza nani anataka kazi ya mwezi na nani anataka tikiti. Watu wakaangaliana. Wewe ukamwangalia Ndambuki. Usiniambie hukumwangalia, nilikuwa nakuona. Naye akainua mkono wa kwanza kabisa, na wengine wakafuata.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, baba watoto, umejifanyia nini? Akasema, ningekaaje nimefunga mikono, na watu wote wanajua huyo anayesema ni shemeji yangu? Wangesema hata nyumbani kwao chama kimemshinda. Akasema pia kwamba kijana anayeanza kazi leo hafai kuanza na tikiti kama alivyoanza yeye. Halafu akakohoa mpaka nikamshika kichwa.

Wamboi anasema tuishie hapo. Nimemwambia aandike. Mbaluka, ulimwaibisha mtu mgonjwa mpaka akakupa alichokuwa nacho.

Dada yako,
Mwongeli


Kamenu, Thika
31 Mei 1959

Kwa dada yangu,

Natumaini mko salama na baridi haijawaanza. Barua yako ya Machi sikuijibu. Nilikuwa Nairobi kwenye mazungumzo na wenye mashamba.

Dada, mapatano yametiwa sahihi. Kuanzia kesho tikiti haipo. Mshahara kila mwisho wa mwezi, likizo, na paa za nyumba za laini zitatengenezwa kabla ya mvua za Oktoba. Vibarua vijana kama Wamboi wataandikwa kazi ya mwezi. Watu wa shamba la Kalimoni walinibeba mabegani barabarani na nikacheka kama mjinga. Nilitamani mama angekuwa hai aone.

Kuhusu Ndambuki, sikusahau. Nilimwomba mwenyekiti wetu, mzee Mulei, tumtafutie kazi nyepesi ya kulinda kitalu cha miche. Alinijibu mbele ya kamati nzima: ukianza na wa kwenu, kesho meneja atasema hiki ni chama cha ndugu na mashemeji. Nilikubali, kwa sababu ni kweli. Basi shemeji aende mwenyewe kwa meneja, aombe. Wakati mwingine wazungu wanamsikia mtu akienda peke yake.

Ndugu yako,
Mbaluka


Ruiru
12 Julai 1959

Kwa Mbaluka, mtoto wa mama yangu,

Habari za huko Kamenu? Huku ni baridi na manyunyu, jua hatujaliona wiki hii.

Nianze na mazuri, usiseme dada yako hana macho. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi kama ulivyosema. Tulikula nyama. Fundi amekuja kutazama paa. Wamboi ameandikwa kazi ya mwezi na amenunua viatu, na hapa anapoandika amevivaa, ijapokuwa tuko ndani. Ndung'u siku hizi anasema na watu kwa adabu, anaogopa kupelekwa kwa chama. Hayo yote ni yenu na nawashukuru.

Sasa mabaya. Ndambuki alikwenda kwa meneja kuomba. Meneja akamwambia, mlinitaka niwalipe kama watu wa mwezi, basi fanyeni kazi kama watu wa mwezi. Hakumtukana. Alimpa hata sigara, na mtu ana kifua. Mwezi wa sita alikosa siku moja, akaonywa. Mwezi huu ameshakosa nyingine, akaonywa tena mbele ya mashahidi. Kwa hivyo siku hizi anakwenda kila siku, hata zile mbaya. Namfunga kifua na shuka kuukuu chini ya koti, anatembea akipumzika kwenye kila mti. Mimi namaliza madebe yangu ya kuchuma haraka nikimbie nikalime mstari wake kabla nyapara hajapita. Ndung'u ananiona, anageuza uso. Hata yeye anaogopa.

Nakuomba kitu kimoja. Njoo. Vaa ile tai yako, uje kama mtu wa chama, si kama mtoto wa mama yangu, umwambie meneja huyu mtu ni mgonjwa, apewe kitalu. Wewe wanakusikia. Njoo kabla mwezi haujaisha, maana akikosa siku moja tena anaachishwa, na chumba ni cha mwenye kazi.

Dada yako,
Mwongeli


Kamenu, Thika
26 Julai 1959

Kwa dada yangu Mwongeli,

Nakusalimu kwa huzuni. Nilikaa na barua yako siku nyingi kuliko ilivyofaa.

Ningekuja siku ile ile kama ningekuwa na la kusema. Lakini yale mapatano yana kifungu: mfanyakazi wa mwezi anayekosa kazi siku tatu bila ruhusa anaweza kuachishwa. Wao walikitaka, sisi tukakikubali ili tupate likizo. Mimi ndiye niliyekisoma kwa sauti na kusema sawa. Nikija na tai yangu, meneja atafungua karatasi na kunionyesha jina langu.

Hata hivyo nitakuja. Tuna uchaguzi wa tawi, na wako watu wanaotaka kuuza chama kwa meneja wakipata viti. Ukimalizika tu nitakuja, Jumapili ya tarehe kumi na sita Agosti. Tutamtafutia njia. Mwambie ajikaze mpaka hapo.

Ndugu yako,
Mbaluka


Ruiru
30 Agosti 1959

Kwa Mbaluka,

Wiki moja na nusu imepita tangu tumzike Ndambuki. Leo nakuandikia, na Wamboi ameniahidi kuandika kila neno.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi, hatukupata nafasi. Hukuniuliza alivyokufa, basi nikuambie. Ilikuwa Alhamisi, manyunyu. Nilimwomba alale. Akasema, Mbaluka anakuja Jumapili, asikute nimefukuzwa. Wamboi ndiye aliyemkuta, ameketi chini ya mti wa kahawa, jembe liko kwenye magoti. Mstari wake alikuwa ameumaliza. Ndung'u aliandika siku ile kamili.

Chama kilifanya vizuri. Sanduku lilikuwa zuri, lori lilikuja, na kwaya ilikuja kutoka Thika. Peke yangu ningemzika na blanketi. Na wewe ukasimama ukasema, hapa amelala mkono wa kwanza wa Gitothua. Watu wakalia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilisema moyoni, akisema neno lingine moja nitamfunika mdomo mbele ya watu.

Sasa meneja ameita. Mwenye kazi alikuwa Ndambuki. Mimi ni kibarua wa kuchuma, na kibarua wa kuchuma hana chumba. Kesho natoka. Chumba amepewa Wamboi, kwa sababu ni mtu wa mwezi na chama kilisema mtu wa mwezi asilale na watu sita chumba kimoja. Analia hapa anapoandika, ameshaharibu karatasi moja. Nimemwambia asilie, ni haki yake, hata mimi ningeingia. Mbuzi namwachia pia.

Nawachukua watoto tunakwenda Yatta kwa kaka yake Ndambuki. Hajatuita, lakini hatatufukuza. Huko hakuna mtu wa kuniandikia, na sitamtafuta. Chama sikikasirikii. Kilifanya kilichosema kitafanya. Nimekukasirikia wewe, niliyekubeba. Usije.

Mwongeli


Kamenu, Thika
20 Desemba 1959

Kwa dada yangu Mwongeli, kwa mkono wa Wamboi, Ruiru,

Salamu za Krismasi kwako na kwa watoto, popote mlipo. Nimeandika Yatta mara tatu kwa kupitia kwa mchungaji, sikujibiwa. Mwezi wa kumi na moja nilipanda basi nikaenda mwenyewe. Kaka yake Ndambuki alinipa kiti na maji, akasema ulikaa wiki mbili ukaondoka kutafuta kazi ya kibarua kwenye mashamba ya katani, na hajui shamba gani. Alikuwa mwema. Hakunitazama sana. Basi naandika hapa, maana nadhani siku moja utapita kumwona Wamboi, au mbuzi.

Kuna habari, na nilitaka uwe wa kwanza kuisikia. Tumetia sahihi mapatano mapya. Kuanzia Januari mfanyakazi akiugua, akileta karatasi ya daktari, atalala na siku zake zitalipwa. Haonywi wala hafukuzwi, na chumba kinabaki chake. Kifungu hicho nilikipigania kuliko vyote. Mzee Mulei alichoka na mimi, akasema tukubali yaliyopo tuondoke, nikakataa kuinuka kitini mpaka kikaandikwa. Kamati ilinipigia makofi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Dada, ni kile kile ulichoniomba Februari. Tulikuondolea, tukapigana nusu mwaka kukirudisha, na sasa tumekirudisha.

Wamboi, akija, msomee pole pole. Asipokuja, usinirudishie barua hii. Wewe ndiye unayekaa hapo sasa. Siku ukiugua, lala.

Ndugu yake,
Mbaluka