Filta Iliyobaki Mkobani

Mama Mwende,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishika filta ya petroli ya gari la zamani ni kuiosha kwanza. Wanaona kikombe cha kioo kimekuwa cheusi, wavu wa shaba umejaa mashapo, basi mbio kwenye mafuta ya taa na brashi. Wanasugua mpaka inang'aa. Hapo ndipo wanauliza: hii ni ya gari gani? Nawe ulikuwa ukiwatazama juu ya miwani, umekaa kwenye kiti chako cha plastiki mlangoni mwa kibanda chetu, Barabara ya Kirinyaga, unawaambia, "Umeosha shahidi, boss. Sasa unataka nifanye kesi na nani?"

Nakuandikia kukuambia kwamba nimewaosha mashahidi wako wote.

Ngoja nieleze. Ulisema hayo maneno mawili, "ngoja nieleze," ndiyo yatakayoandikwa kwenye kaburi langu. Ulicheka sana siku hiyo. Kumbe kaburi la kwanza lingekuwa lako, na juu yake hakuna neno lolote bado, ni msalaba wa mbao na jina.

Tena nimeandika "kibanda chetu." Kilikuwa chako. Ulikifungua nikiwa bado mwalimu wa ufundi, na nilipostaafu ulinipa stuli ya pembeni, nikaizoea mpaka nikaanza kujiona mwenye nyumba. Kwenye wasifu wako uliosomwa kanisani, uliochapishwa kwenye kile kijitabu chenye picha yako, imeandikwa kwamba "alimsaidia mume wake katika biashara ya vipuri." Wanawake wa mtaa wetu wa vipuri, wale mliokuwa mkinywa chai pamoja, waligeuziana macho. Aliyeandika sentensi hiyo ni mimi. Hakuna mwingine wa kumlaumu.

Baada ya mazishi watu walirudi makwao. Dada yako aligawa nguo, Mwende akarudi kazini, nyumba yetu ya Waithaka ikapigwa deki mpaka ikanuka sabuni tupu. Mikono yangu ilikosa kazi. Nikaenda kibandani, nikafungua lile debe lako la chini ya meza. Unajua lilikuwaje: filta za vikombe vya kioo, za chuma zenye umbo la yai, zile ndogo za kukaa ndani ya mdomo wa kabureta ambazo watu hawajui hata kama zipo, zote na uchafu wake, kila moja imeviringishwa gazetini. Mimi nikaona vurugu. Miaka yote niliwafundisha wanafunzi hatua tatu, nikiziandika ubaoni kabla hata ya kusema hamjambo: safisha, kagua, pima. Basi nikasafisha. Siku mbili nzima, mafuta ya taa na mswaki. Nikapima kila mdomo kwa kalipa yangu, nikazipanga rafuni kwa ukubwa, nikabandika vikaratasi vyenye mwandiko mzuri. Zilimeta kama vikombe vya meza ya Bwana. Jioni ile nilikula ugali wote, mara ya kwanza tangu uondoke. Nilidhani nimekufanyia heshima.

Jumatatu akaja Mzee Wafula wa Loresho. Yule mstaafu wa wizarani, mwenye gari jeupe la Kifaransa ulilolibatiza Mfaransa. Alinipa pole kwa mikono miwili, halafu akasema kwa aibu kwamba hakutaka kunisumbua, ila Mama alikuwa amemwambia, "Rudi Jumatatu, nimeipata." Filta ya awali ya Mfaransa iling'olewa na fundi mmoja aliyeona imepitwa na wakati, akaweka ya plastiki, na tangu hapo gari linakosa pumzi kwenye kila mlima. Alikuwa ameitafuta mwaka mzima. Macho yake yanafifia, daktari amemwambia ukiisha mwaka huu aache usukani. Anataka kumpeleka mkewe nyumbani magharibi mara moja tu, yeye mwenyewe akiendesha.

Kwa hiyo neno lako lilikuwa bado nje linatembea, wewe hupo. Nilijiambia hili angalau nitakutimizia. Nikamwomba vipimo vya bomba za Mfaransa, nikaenda rafuni, nikachukua filta ambayo midomo yake inalingana nazo kabisa. Kabisa, Mama Mwende. Nikamwonyesha hata kipimo. Nikamweleza, bila shaka, nilimweleza sana.

Alirudi siku ya tatu kwa miguu kutoka kituo cha basi. Filta aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ulikuwa unanuka petroli. Aliuweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Mwalimu, hii kitu inalia petroli juu ya injini yote. Ilibaki kidogo tuwake moto." Kisha akaongeza, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma: "Mama hangenipea hii."

Nilipoishika tena ndipo nikaijua. Unaikumbuka? Ni ile ambayo mwanamume mmoja wa Kitisuru alituletea kwenye sanduku la kurithi, nami nikafungua kitabu nikatangaza kwamba ni ya lori la Kiingereza. Nilitaja hadi aina ya lori. Wewe uliinua kikombe kwenye mwanga, ukakigeuza, ukasema, "Hii haijawahi panda gari, Mwalimu. Hii imelala kwa shamba." Nikabisha. Ukanionyesha mstari wa mashapo kwenye kioo: umenyooka, umekatika vizuri kama umechorwa kwa rula. Gari hutikisika, ukasema, petroli yake inacheza, mstari wake unafifia. Huu haujawahi kutikiswa. Ni wa injini ya kuvutia maji, imekaa mahali pamoja kando ya mto mpaka ikazeeka. Na injini ya namna hiyo tangi lake huwa juu, petroli inashuka yenyewe pole pole. Kikombe chake hakikuundwa kuhimili msukumo wa pampu. Ukikiweka kwenye gari kitavuja mdomoni.

Yote hayo ulinifundisha. Na mstari ule ndio nilioufuta kwa mswaki. Ningemchoma mzee wa watu kwa kitu ambacho ulikwisha kunionyesha kwa kidole.

Siku ile nilifunga kibanda mchana. Nilikukasirikia pia, nitakuambia ukweli. Kwa nini hukuandika popote? Miaka yote hiyo, daftari hata moja? Nilikuwa nimefika nyumbani, niko katikati ya hasira hiyo, ndipo nikakumbuka ule mkoba mweusi.

Mkoba wako wa hospitalini. Ulikuwa juu ya kabati tangu siku ulipoondoka, hakuna aliyethubutu kuugusa, hata dada yako aliupita. Na nikakumbuka wodini, siku ya pili, uliponishika mkono wa shati ukaniambia, "Mwalimu, kuna kitu kwa mkoba nataka uone." Nami nikasema pumzika kwanza, achana na mambo ya kazi. Kisha nikaanza kukueleza dripu. Nilikueleza maji yale yana chumvi gani, kwa nini yanapita tone kwa tone, kile kichujio kidogo cha kwenye mrija kinazuia nini. Nilieleza vizuri sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza. Wewe ulifumba macho ukasema, "Haya, Mwalimu."

Baada ya hapo sikukusikia tena ukisema neno lililoeleweka.

Nilishusha mkoba nikaufungua. Leso, sabuni kwenye kikopo chake, kitabu cha nyimbo, na kifurushi cha gazeti. Ndani yake filta moja, chafu, jinsi ilivyotoka kwa muuza vyuma chakavu. Na kando yake gasketi mpya ya gome laini, lile la vizibo vya chupa, umeshaikata duara kwa mkasi wako. Ulikwenda nayo hospitali, Mama Mwende. Watu hubeba Biblia.

Sikuosha kitu. Niliiweka kwenye mwanga wa dirisha nikaisoma jinsi ulivyokuwa ukifanya, polepole, kwa sababu mimi si mwepesi. Mashapo yapo upande wa nje wa wavu: petroli inaingia kwa nje inatokea ndani, kwa hiyo mdomo huu ndio wa kuingilia. Mstari wa kwenye kioo umefifia: hii ilipanda gari. Tena mstari wenyewe umeinama, uko juu upande mmoja na chini upande wa pili, na hapo moyo wangu ukashtuka, maana injini ya Mfaransa haikusimama wima, imelazwa ubavu ndani ya gari. Mgongoni pana sehemu isiyo na uchafu, umbo la moyo lililokatwa ncha, mahali ilipobanwa kwenye chuma kwa miaka. Na begani, kwenye grisi iliyokauka, pana alama ya kidole gumba. Si ya fundi, ni ndogo. Ni yako.

Kesho yake nilikwenda Loresho. Mzee Wafula alifungua boneti, na pale ubavuni mwa injini, mahali ambapo filta ya kwanza iling'olewa, pana kivuli kwenye uchafu: moyo uliokatwa ncha. Nikaisogeza filta, mgongo wake hapo. Vikakutana. Mzee akasema, "Alinituma nipige picha ya hapo. Akaniambia nikipanguza hata na kitambaa atanifukuza." Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya, cha watu wanaotafuta mahali pa kutazama.

Sasa sikiliza kilichobaki. Filta haiwezi kuwekwa na uchafu wake. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiosha mwishoni, mbele ya mteja, baada ya kesi kuamuliwa. Mzee aliniletea bakuli la mafuta ya taa na brashi akakaa kwenye ngazi za veranda. Nilikaa na kile chuma mkononi muda ambao hata yeye aliuona mrefu. Debe zima nililiosha kwa siku mbili bila kufikiri, na hiki kimoja nilishindwa. Mwishowe nikaosha kioo, nikaosha wavu, nikaacha bega mwisho. Kisha nikaosha na bega. Niliona kidole chako kikiyeyuka kwenye bakuli, mafuta meusi kama mengine yote.

Mfaransa alipanda mlima wa kutoka Waiyaki Way bila kukohoa hata mara moja. Jumamosi watasafiri. Neno lako limefika. Sikupata faraja niliyodhani ningeipata.

Zilizobaki rafuni ni nzuri kutazama na hakuna anayejua ni za nini. Nimevibandua vile vikaratasi vyangu. Wateja wakiniuliza nasema sijui, na ulimi wangu haujazoea neno hilo, unaliendea kama meno mapya.

Kwaheri, mama watoto. Kaburi likijengewa nitaandikisha kwamba ulikuwa fundi, na kwamba mumeo alikusaidia. Naahidi kukaa kwenye stuli, si kwenye kiti chako. Naahidi kwamba mtu akiniambia "kuna kitu nataka uone," nitaangalia kwanza. Debe nimelirudisha chini ya meza, tupu. Na asubuhi ya leo nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, kwa herufi kubwa za ubaoni, chini ya jina lako:

Ukiwa na filta ya zamani, usiioshe. Ilete leo, ilivyo.