Kichwa Kilichoitangulia Shabaha

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mawingu mazito, mvua hakuna. Tumeanza kuwapima marubani wa helikopta kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Kazi yangu ni kuwavisha kofia na kuipanga sawa na macho yao. Rubani akigeuza kichwa, alama ya kijani kwenye kioo cha kofia inageuka naye – aishike shabaha inayokimbia kwenye skrini. Shemeji, mume wa dada, alikuwa wa mwisho. Kushoto, safi. Kulia kichwa kinachelewa, kinakwama, halafu kinaruka. Kasema ni kofia. Nimeivaa mwenyewe. Kofia haina neno.

Jumanne, 5 Machi

Upepo na vumbi. Shemeji kaja mapema kuomba mazoezi. “Niachie mashine, shemeji, nenda kanywe chai,” kasema. Nimemwachia. Narudi, anairudia njia ileile ya shabaha. Ndiyo hiyo moja tunayopimia watu wote. Nikamuuliza, shingo inakuuma? Kacheka: “Wewe fundi au mganga?”

Jumatano, 6 Machi

Manyunyu. Kapimwa upya. Alama haikuachana na shabaha hata kidogo. Mkuu wetu kampigia makofi – Ijumaa unarudi angani. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, natazama mistari miwili, wa shabaha na wa kichwa. Wa kichwa uko mbele. Kageuka kulia kabla shabaha haijaenda kulia!

Hafuati. Amekariri.

Alhamisi, 7 Machi

Jua kali tangu asubuhi. Nimembana shemeji kwenye korido. Kakubali: tangu siku helikopta yake ilipotua kwa kishindo, shingo haigeuki vizuri. Kaniomba dada asijue, mwezi wake wa kujifungua ndio huu.

“Wakinishusha chini, shemeji, nitakuwa nani pale nyumbani?”

“Na wenzako utakaowabeba?”

Kaondoka.

Mchana dada kapiga simu, anacheka. Ameshampigia pasi nguo za kurukia, tumbo linagonga meza. Nikasema vizuri. Sikusema lingine.

Jioni nimemwambia mkuu, kesho apimwe tena kabla ya kuruka, mstari wa kichwa haunipendezi. Kaguna, kakubali. Nimeunda njia mpya: shabaha inazubaa kushoto, kisha inakata kulia ghafla. Shemeji hajui. Nimeandika ujumbe kumwambia. Nimefuta. Nimeandika tena. Na kamba ya kofia chini ya kidevu chake nitaifunga mimi.

Naongeza asubuhi: usingizi ulinipata saa kumi alfajiri. Simu ilikuwa mkononi, ujumbe umeandikwa, haujatumwa.